Ishara Hazizuii Maneno

Mzazi wa Mugeta, wilayani Bunda, mwenye mtoto wa miaka minne asiyesema hupewa ushauri mwingi. Mngoje, wapo wanaochelewa. Mpeleke akakatwe uzi wa ulimi. Usimzoeze kuonyesha kwa mikono, atabweteka asiseme kamwe. Huu wa mwisho hutolewa kwa nia njema, lakini utafiti umeukanusha.

Mwaka 2006, Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walipitia tafiti kuhusu watu wenye ulemavu wa akili na usonji waliofundishwa kuwasiliana kwa ishara au picha. Kati ya watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa usemi. Asilimia 89 usemi wao uliongezeka, ingawa mara nyingi kwa kiasi kidogo.

Kutamka neno kunahitaji mengi kwa pamoja: kulikumbuka, kupanga sauti zake, kuongoza ulimi, midomo na pumzi. Mkono ni rahisi zaidi kuuongoza. Mtoto anayeonyesha kikombe akapewa uji amejifunza msingi wa lugha yoyote, kwamba akitoa ujumbe ataeleweka. Mama akitamka "uji" papo hapo, mtoto analisikia neno wakati analihitaji.

Kufundisha mawasiliano ya ishara na picha kunawezekana hata kijijini. Huko Kilifi, Kenya, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao waliwafundisha walezi wa watoto tisa njia hizi nyumbani, kwa vifaa vinavyopatikana hapohapo. Matokeo yalichapishwa 2014: walezi waliona watoto wakiwasiliana vizuri zaidi na kushiriki zaidi katika shughuli za jamii. Watoto tisa ni wachache, lakini nao wanaishi kijijini, kama wale wa Mugeta.

Wataalamu wa usemi nchini Tanzania bado ni wachache, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni mbali na Mugeta. Hata hivyo mzazi unaweza kuanza: mpeleke mtoto hospitalini akapimwe usikivu. Nyumbani, kaa usawa wa macho yake, mpe vitu viwili achague, kisha subiri bila kumharakisha. Akionyesha kimoja, kitaje. Zungumza naye lugha ya nyumbani, iwe Kiikizu au Kijita, bila kuogopa kwamba kuichanganya na Kiswahili kutamchelewesha. Utafiti wa Elizabeth Kay-Raining Bird na wenzake nchini Kanada, wa 2005, haukuona kuwa lugha mbili ziliwarudisha nyuma watoto wenye hali ya Down (Down syndrome).

Atakapoanza shule, mwalimu afundishwe ishara zake, ili jibu la mkono lihesabiwe kuwa jibu.