Ukikosea silabi umekosea mkazo: Somo kutoka jina la Kyimo

JINA la Kyimo, kata iliyo kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, wilayani Rungwe, lina silabi mbili tu: Kyi-mo. Mkazo huwekwa kwenye silabi ya kwanza. Msomaji asiyezoea 'ky' ya Kinyakyusa aweza kulitamka Ki-yi-mo. Hapo silabi huwa tatu, mkazo huhamia kwenye 'yi', na mwenyeji husikia jina ambalo si la kwao.

Chanzo ni kanuni moja. Katika Kiswahili, takriban kila neno huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likirefuka, mkazo husogea. Katika 'soma' mkazo upo kwenye 'so'. Katika 'someni' kwenye 'me'. Katika 'wasomeshaji' kwenye 'sha'.

Nomino ambatano hufuata kanuni hiyo hiyo. 'Mwana' na 'sheria' yana mkazo kila moja, lakini yakiungana kuwa 'mwanasheria' hubaki mkazo mmoja tu, kwenye 'ri'. Kiholanzi ni kinyume: neno 'ziekenhuis', yaani hospitali, limeundwa kwa 'wagonjwa' na 'nyumba', na mkazo wake mkuu upo mwanzoni.

Mtego mkubwa ni herufi 'm'. Katika 'mbuzi' huambatana na 'b', nasi tunapata mbu-zi. Katika 'mwanamke' hujitegemea, yaani mwa-na-m-ke, na ndiyo inayobeba mkazo. Vivyo hivyo, 'nd' haitenganishwi: 'mwendokasi' ni mwe-ndo-ka-si. Mhariri anayelikata neno hilo mwishoni mwa mstari kuwa 'mwen-' humpotosha msomaji.

Yapo maneno machache yanayokiuka kanuni. 'Barabara' yenye maana ya njia huwekewa mkazo kwenye silabi ya tatu. Yenye maana ya sawasawa, kwenye ya pili.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili nchini umejikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto huanza kusoma kwa kuunganisha silabi. Akizigawa vibaya, hutamka neno asilolitambua, ingawa hulisikia nyumbani kila siku.

Kwa mwalimu, mtangazaji na mhariri, njia ya uhakika ni kuhesabu silabi kwanza, kisha kutafuta ya pili kutoka mwisho.