Kilimo cha Majani ya Fagio

Hakuna nyumba isiyohitaji ufagio. Watu wa pwani, kama wale wa Tanga na Pangani, hupata fagio zao katika minazi, kwa kuchambua makuti na kutoa chelewa. Asiye na mnazi hukata majani au vijiti vya porini, au hununua sokoni. Na kwa kuwa ufagio huchakaa upesi, fedha hiyo hutoka mwaka hata mwaka. Kitu kitakiwacho siku zote namna hii chafaa kulimwa. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Sindeni, na wa vijiji vilivyo kati ya Handeni na Korogwe, habari za watu waliokwisha kufanya hivyo.

Katika milima ya Nepal, na katika ile ya Meghalaya huko Bara Hindi, yamea majani ambayo Wanepali huyaita amriso. Mashina yake ni kama matete, hupita kimo cha mtu, na nchani hutoa suke laini lenye matawi mengi, mfano wa mkia. Masuke hayo hukaushwa, yakafungwa pamoja, yakawa ufagio mwororo wa kufagilia ndani ya nyumba. Zamani watu waliyakata msituni tu. Leo wengi huyapanda. Mwaka 1993 Serikali ya Nepal ilianza mpango wa kuwapa watu maskini, kwa vikundi, sehemu za misitu iliyoharibika, kwa mkataba wa miaka 40, ili waihuishe kwa miti na malisho. Amriso ni mmoja wa mimea iliyopandwa huko, katika miteremko ambayo haikufaa tena kwa nafaka.

Faida zake ni tatu. Kwanza, masuke huuzwa. Pili, majani yake mabichi hulisha ng'ombe na mbuzi wakati malisho mengine yamekauka. Tatu, nayo ndiyo kubwa, mizizi yake mingi hushikamana na udongo, mvua isiuchukue kuupeleka bondeni.

Kuyapanda si kazi ngumu. Shina lililokomaa huchimbwa, likagawanywa vipande vyenye mizizi, na kila kipande hupandwa mwanzo wa mvua, kwa nafasi ya mita moja na nusu hadi mbili. Mwaka wa kwanza mavuno ni machache. Mwaka wa pili na wa tatu ndiyo mengi. Baada ya miaka minne au mitano nguvu hupungua, na hapo mashina hugawanywa na kupandwa upya. Katika kuvuna hapana budi kutumia kisu au mundu. Avutaye suke kwa nguvu huenda akang'oa na mizizi, akapoteza mavuno ya mwakani pamoja na ulinzi wa udongo wake.

Huenda mtu akauliza, Je, na sisi tuyalete hapa? Twajibu kwamba asiyalete mtu kwa siri. Mmea mgeni waweza kuwa gugu au kuchukua ugonjwa. Kwa hiyo mimea ya nchi za nje huingia kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Tena nchi yetu ya Handeni ni ya chini na yenye joto kuliko milima ile.

Lakini maarifa ya kilimo hicho hayahitaji kibali. Yako majani ambayo kila mama huku ayajua kuwa yafaa kwa ufagio. Chagua yaliyo bora, gawanya mashina yake, uyapande masika yakianza, kwa mistari ikatayo mteremko, penye kingo za shamba na mahali maji yanapoanza kuchimba korongo. Yalinde na moto na mbuzi mpaka yashike. Ukitaka kujua mstari upite wapi, mwulize Bwana Shamba.

Jambo moja twawasihi sana: msiyapande mahali pa mahindi wala pa mtama. Handeni ni nchi iliyoonja njaa. Ile ya miaka ya 1894 hadi 1896, na ile ya 1932 hadi 1935, zimeandikwa katika vitabu vya historia. Ufagio hauliwi, na bei ya soko yaweza kushuka siku ile ile ambayo bei ya unga yapanda. Mahali pa majani haya ni ukingoni na katika ardhi iliyochoka.

Basi mwenye shamba la mteremko na ajaribu mstari mmoja tu. Mvua kubwa ikipita, na atazame udongo uliozuiliwa upande wa juu wa mstari. Hapo atajua mwenyewe kama inafaa kuongeza wa pili.