Radio iko safi, lakini woga unabakia

Katika mitaa ya wachimbaji kuna ugonjwa mmoja ambao labo haiuoni. Mtu anaamka usiku, anashika kifua, anahesabu mapigo ya moyo. Asubuhi anaenda dispanseri. Wanamupiga radio, wanamupima damu na makohozi, na munganga anamwambia: "Tata, hauna kintu." Anarudi nyumbani na furaha ya siku mbili. Siku ya tatu kifua kinabana tena, njo anaanza kutafuta munganga mwingine, juu ule wa kwanza pengine hakuangalia muzuri, ao mashini yake ilikuwa ya zamani. Mwisho wa mwezi franka ya masomo ya watoto imekwisha kwa radio na ordonansi.

Nyumbani wanasema mambo mawili. Wamoja wanasema anaigiza, hataki kazi. Wengine wanasema: kama labo haioni kitu, basi ni bulozi, tutafute ni nani. Hapo shangazi ao mama mukwe anaanza kuangaliwa kwa jicho mubaya, na jamaa inavunjika juu ya ugonjwa ambao hata jina hawajaupa.

Jina liko. Zamani wanganga waliuita ipokondria. Siku hizi wengi wanasema tu woga wa ugonjwa. Mwenye huo woga haigizi. Kifua kinamubana kweli, mikono inatetemeka kweli, usingizi umekimbia kweli. Na tunataka kusema wazi tangu sasa: woga huo wenyewe unatunzwa, na dawa yake kubwa ni mazungumuzo yenye mupango, yale hata infirmie aliyefundishwa anaweza kuyafanya.

Musomaji wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi atatujibu mara moja: "Lakini sisi tuna sababu ya kuogopa!" Ana haki. Vumbi la mawe lenye silika linaharibu mapafu pole pole, na linamufungulia kifua kikuu mulango. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mukojo. Mwaka 2018 walionyesha hivyo tena kwa wakaaji wa Kasulo, kule Kolwezi, fasi watu walichimba hadi ndani ya parcelle zao, na watoto ndio walikuwa na nyingi zaidi. Zaidi ya hayo, wazee wetu wengi walikuwa na lupitalo ya Gécamines kwa baba, mama na watoto. Kisha miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile mipango ya "départ volontaire", na leo radio moja inahesabiwa kwa franka ya mufuko. Kuogopa katika hali kama hii si upumbavu.

Kwa hiyo utafiti tunaotaka kueleza unatuhusu. Ulifanywa Uingereza na Profesa Peter Tyrer, munganga wa akili wa Imperial College London, pamoja na wenzake, na matokeo yalitoka katika gazeti la wanganga, The Lancet. Hawakuwatafuta watu wenye afya wanaojiwazia magonjwa. Waliingia katika lupitalo, kwa wagonjwa wa moyo, wa mapafu, wa tumbo, wa mishipa ya kichwa, watu ambao wengi wao walikuwa na ugonjwa kweli. Waliwauliza wagonjwa 28,991, na 5,747 wakaonekana na woga mukubwa wa ugonjwa. Hiyo ni karibu mumoja kwa kila watano. Maana yake mtu anaweza kuwa na mapafu yenye vumbi na pia woga uliopita kipimo, vyote viwili pamoja, na kutunza kimoja hakuponyeshi kingine.

Wagonjwa 444 wakagawanywa kwa kura. Sehemu moja iliendelea na matunzo ya kawaida. Sehemu ingine iliongezewa mazungumuzo, mara sita hivi kwa kila mtu. Baada ya mwaka mumoja, watu 14 hivi kwa 100 waliopata mazungumuzo walikuwa wamerudi katika woga wa kawaida wa kila binadamu. Kwa wale wengine walikuwa 7 hivi. Musitazamie muujiza: wengi walipunguziwa muzigo bila kuutua wote. Lakini faida ile ilikuwa ingali inaonekana baada ya miaka mitano, na hiyo ni adimu. Jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba kati ya watu waliofundishwa kufanya mazungumuzo yale, mainfirmie njo walipata matokeo mazuri zaidi.

Sasa, wanazungumuza nini? Hawamwambii mugonjwa "hauna kitu, enda nyumbani". Hiyo amekwisha kuisikia mara kumi. Wanaweka mezani maelezo mawili. La kwanza: nina ugonjwa mukali ambao wanganga hawajauona. La pili: nina woga wa ugonjwa, na woga wenyewe unanifanyia hizi alama. Halafu wanamuomba mugonjwa mwenyewe apime ni lipi linalofanana na maisha yake.

Tuchukue mfano wa mtu anayebonyeza shingo kutafuta uvimbe. Anabonyeza asubuhi, muchana, ndani ya taxi-bus, usiku. Jioni shingo inauma na imevimba kidogo. "Munaona? Nilisema!" Infirmie anamuomba: bonyeza goti lako mara hamsini leo, kesho utuambie goti liko namna gani. Goti nalo linauma. Ao yule anayesikiliza moyo: woga unaongeza mapigo, mapigo yanaongeza woga, na hivyo mpaka saa kenda ya usiku. Wanamupa daftari aandike: nilisikia nini, niliwaza nini, nilifanya nini, kisha ikawa nini. Juma moja anajaribu kuacha kujipima. Juma lingine anaacha kuuliza wa nyumbani kama sura yake imebadilika. Anaona kwamba siku alizoacha kuuliza, woga ulipanda kwanza, halafu ukashuka peke yake.

Kuna neno lingine, la tabia. Wanganga wa akili wanaongea juu ya matatizo ya nafsi: tabia iliyokaza tangu ujana mpaka inamusumbua mwenyewe na wanaokaa naye. Mumoja anashuku kila mtu, mwingine hawezi kuamua jambo bila kushikwa mukono, mwingine anataka kila kitu kwa musitari. Tangu Januari 2022 Shirika la Afya Duniani linaangalia zaidi uzito wa tatizo, dogo, la katikati ao kali, kuliko kuwapa watu majina ya aina aina. Kundi lililoandaa mabadiliko hayo liliongozwa na huyohuyo Tyrer. Wanganga wengi walizoea kuwakata tamaa watu wa namna hii: "Ule hata umutunze namna gani, tabia yake itaharibu." Timu ya Tyrer ilipohesabu upya wagonjwa wake, iliona kinyume. Wenye tabia ya wasiwasi na ya kutegemea wengine hawakukosa faida ya mazungumuzo. Pengine walipata hata zaidi. Tunadhani ni kwa sababu mtu kama huyu, akipewa kazi ya daftari, anaifanya bila kuruka siku.

Wengine watasema: hayo ni ya Wazungu. Basi tuangalie hapa kwetu. Kongo ya mashariki, wanawake waliotendewa ukatili wa kijinsia walipewa mazungumuzo ya mupango na wasaidizi Wakongomani ambao hawakuwa wanganga. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: miezi sita baada ya matunzo, 9 kwa 100 tu walikuwa bado na alama za huzuni ao wasiwasi mukali, na katika vijiji vilivyopata musaada wa kawaida walikuwa 42. Na kule Harare, Zimbabwe, munganga Dixon Chibanda aliwafundisha akina nyanya kukaa na wagonjwa kwenye banki ya mbao, nje ya dispanseri. Washona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Si mbali na "mawazo mingi" yetu. Hizo zote mbili hazikuwa za woga wa ugonjwa hasa, lakini zinaonyesha kwamba mazungumuzo yanashika hata fasi ambako wanganga wa akili ni wachache.

Haraka iko. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2023 ulifuata watu 4,129 wenye ugonjwa huu na kukuta kwamba walikufa mapema kuliko wengine, na kujiua kulikuwa kati ya sababu. Kumucheka mtu wa namna hii ni hatari.

Hapo tusichanganye. Mchimbaji anayekohoa majuma mawili ao zaidi, anayetema damu, anayekonda, ao anayekosa pumzi akipanda ngazi, aende kupimwa leo. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure na programu ya taifa. Akisha kupimwa muzuri na munganga mumoja anayemujua, radio ya tano kwa munganga wa tano haitamuletea amani. Aseme wazi kwa munganga: "Woga wangu unanishinda." Lubumbashi tuna kituo cha Joseph Guislain, cha Ndugu wa Upendo, kinachotunza magonjwa ya akili. Watu wanakikimbia juu wanasema ni fasi ya wazimu. Lakini mtu anayeogopa kifua chake na kukosa usingizi miezi sita ana haki ya kupiga hodi pale sawa na mwingine. Na makampuni ya migodi yenye dispanseri zao yana mainfirmie tayari. Wangeweza kufundishwa kazi hii.

Kwa mama wa nyumba, kuna jambo moja la kujaribu usiku wa leo. Akikuuliza mara ya nane, "Mama Furaha, sura yangu haijabadilika?", usimujibu haijabadilika, wala usimukasirikie. Mwambie: "Naona woga umerudi. Twende tukae inje kidogo, unielezee kazi ya leo."