Redio ya Zamani Inapohama Masafa: Kusikiliza Kabla ya Kufungua

0. Utangulizi

Anayetumia redio ya ridhaa iliyotengenezwa miaka ya 1960 au 1970 hukutana mapema na tatizo hili: anampata mwenzake hewani, wanasikilizana vizuri, kisha baada ya dakika chache sauti inakuwa kama ya bata, ingawa hakuna aliyegusa kitufe. Redio imehama masafa. Makala haya yanaeleza sababu za kuhama huko na njia ya kutafuta chanzo. Mfano wetu ni HW-101, redio ya kupokea na kurusha iliyouzwa na kampuni ya Heathkit ya Marekani kuanzia mwaka 1970, ambayo mnunuzi aliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande.

1. Kwa nini maneno yanaharibika

Redio hizi hutumia mtindo wa SSB: hurusha upande mmoja tu wa wimbi, na mpokeaji hulirudisha wimbi bebaji kwa mashine yake. Likirudi mahali pasipo pake, kila sehemu ya sauti husogea kwa idadi ileile ya hezi. Tuchukue sauti yenye msingi wa hezi 120. Haramoni zake za tatu, nne na tano ni 360, 480 na 600. Redio ikihama kwa hezi 100, zitasikika kwenye 460, 580 na 700. Nafasi kati yake ni 120 kama kwanza, lakini hakuna hata moja ambayo ni 120 iliyozidishwa kwa namba kamili. Mpangilio ambao sikio hutegemea umevunjika. Ndiyo maana sauti haipandi tu, bali inapoteza ubinadamu wake.

2. Sakiti yenye lawama

Masafa huamuliwa na sakiti iitwayo VFO, ambayo katika HW-101 hufanya kazi kati ya megahezi 5 na 5.5. Ndani yake koili na kapasita hushirikiana. Uwezo wa kapasita ukiongezeka kwa sehemu 1 tu kati ya 10,000, masafa hushuka kwa hezi 250 hivi. Joto dogo la valvu linatosha kuleta badiliko hilo.

3. Namna tatu za kuhama

Kwanza, kuhama polepole kuelekea upande mmoja, kukipungua kadiri saa zinavyopita. Hilo ni joto: koili inatanuka, kapasita zinabadilika, hadi chombo kizima kitulie.

Pili, kuruka ghafla, mara huku mara kule. Joto halifanyi hivyo. Hapa tunashuku mguso mbovu: uchafu kwenye kiulimi kinachogusa mhimili wa kapasita ya kugeuza, miguu ya valvu isiyokaa sawasawa, lehemu iliyopasuka, au kapasita ya maika inayokufa.

Tatu, kutetemeka, au kuhama kila unapoanza kurusha. Hapo tunatazama umeme unaolisha VFO. Katika HW-101, valvu ya gesi 0A2 hushikilia volti 150. Ikichoka, au kapasita za ugavi zikikauka, masafa hufuata kila badiliko la umeme.

4. Hatua za kufuata

Usifungue kwanza. Washa redio ikiwa baridi, tumia fuwele yake ya kilohezi 100 kama kipimo, kisha andika masafa kila baada ya dakika tano kwa muda wa saa moja. Jedwali hilo litakuonyesha ni namna ipi kati ya hizo tatu.

Ukiona kuruka, gonga taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao, safisha miguso, lehemu upya viungo vinavyotiliwa shaka. Ukiona kutetemeka, pima zile volti 150 wakati wa kupokea na wakati wa kurusha. Ukiona kuhama polepole kupita kiasi, elekeza hewa ya moto kwa mrija mwembamba wa karatasi kwenye kipande kimoja kimoja, ukisikiliza ni kipi kinachosogeza masafa.

Tahadhari: sehemu ya kurusha hubeba volti 700 au zaidi, na kapasita za ugavi huweza kubaki na chaji baada ya kuzima. Chomoa waya wa umeme, ondoa chaji hiyo, ndipo uingize mkono.

5. Hitimisho

Wengi hukimbilia kubadilisha kapasita zote za VFO kwa sababu ni kuukuu. Hapo ndipo redio nzuri huharibiwa. Baadhi ya kapasita hizo zilichaguliwa makusudi ili zipungue uwezo zinapopata joto, zikifidia kutanuka kwa koili. Ukiweka mpya zisizobadilika kabisa, fidia inatoweka na redio inahama kuliko mwanzo. Kama katika uchunguzi wa lugha, maelezo ya kile kinachosikika yatangulie. Maelezo ya sababu yafuate. Na mkono wa kurekebisha uje mwisho.