"Malaika": Asili ya Wimbo wa Mapenzi na Historia ya Santuri Zake

Baladi, yaani wimbo wa mwendo wa taratibu unaosimulia kisa, hasa cha mapenzi, ina mfano mashuhuri katika Afrika Mashariki, nao ni "Malaika", wimbo wa kijana anayempenda binti lakini anashindwa kumwoa kwa kukosa mali, kisa kinachoeleweka upesi Shinyanga na Geita, ambako mahari imehesabiwa kwa ng'ombe tangu enzi za mababu.

Historia ya santuri zake inajulikana vizuri kuliko asili yake. Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya mwenye asili ya Taita, aliurekodi mwaka 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys, kisha akaurudia mwaka 1963 akiwa na Equator Sound Band, bendi ya Equator, studio ya Nairobi iliyomilikiwa na Charles Worrod. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliufikisha mbali zaidi, kwani aliuimba pamoja na Harry Belafonte wa Marekani katika albamu yao ya mwaka 1965, iliyotunukiwa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Baadaye uliimbwa na kundi la Hep Stars la Sweden, na mwaka 1981 kundi la Boney M. likautoa kwa mdundo wa disko.

Kuhusu mtunzi, mgogoro haukumalizika. Adam Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi, alidai kuwa aliutunga mwaka 1945, na Grant Charo wa Kenya naye akadai kuwa ni wake, ilhali Fadhili William alishikilia kuwa yeye ndiye mtunzi hadi alipofariki mwaka 2001. Kutangulia kurekodi hakutoshi kuthibitisha utunzi, kwa sababu sheria hutenganisha hakimiliki, ambayo ni haki ya aliyetunga maneno na lahani, na hakishiriki, ambayo ni haki ya aliyeimba au kurekodi.

Jadi nayo ina njia yake ya kumtambulisha mtunzi: katika nyimbo za Wasukuma wa Shinyanga na Geita, ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa waimbaji katika mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, mara nyingi hujitaja jina ndani ya wimbo wake, na kwa njia hiyo hadhira humkumbuka. Lakini kumbukumbu ya hadhira haivuki mipaka pamoja na santuri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi wa Tanzania maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, hata kama hakusajili kazi yake, ila usajili katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, humpa ushahidi anaouhitaji panapotokea ubishi. Watunzi wa Shinyanga, Kahama na Geita hawana budi kuziandika nyimbo zao, kuzitia tarehe na kuzisajili kabla hazijaingia studio, kwa maana utunzi usio na maandishi ni rahisi kuporwa.