Mafuriko ya Kalehe: kanisa lijifunze nini baada ya msiba?



Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, katika jimbo letu la Kivu ya Kusini. Mito ilifurika, ikashusha matope na mawe makubwa mpaka vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, na watu walikuwa wametoka vijiji vingi kuuza na kununua. Zaidi ya watu 400 walikufa, na maelfu wengine walitangazwa kuwa hawajulikani walipo. Maiti nyingine zilitolewa ziwani. Jumatatu tarehe 8 Mei nchi nzima iliomboleza.

Msiba huo haukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Uvira ilipigwa na mafuriko ya mto Mulongwe mwezi Aprili 2020. Goma ilikimbia moto wa Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021. Mwezi Mei 2025 maji yalivamia Kasaba, katika Fizi, usiku watu wakiwa wamelala. Kila mara swali moja linarudi makanisani: Mungu alikuwa anatuambia nini?

Je, waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko sisi?

Yako mahubiri yanayojibu haraka kwamba kijiji kiliadhibiwa kwa sababu ya pombe, uchawi au uzinzi. Lakini Bwana wetu aliletewa habari ya jambo kama hilo. Katika Luka 13:1-5 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Alikana kabisa kwamba hao walikuwa wabaya kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia waliokuwa wanamsikiliza, akawataka wao watubu. Tuangalie vizuri: neno la toba alilielekeza kwa walio hai, nafsi zao wenyewe. Hakuwapa ruhusa ya kuwapima waliokufa.

Watoto wa Ayubu pia walikufa siku moja, nyumba ilipoangushwa na upepo, na baba yao alikuwa mtu mwelekevu. Rafiki zake walifanya vema siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua kinywa ili kumtafutia dhambi. Mwishoni mwa kitabu, Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu.

Jambo hili si la kubishana tu. Mama aliyepoteza watoto wake sokoni, akisikia mhubiri akisema kijiji chake kilistahili, atabeba misiba miwili. Huenda hatarudi kanisani tena. Hata ushuhuda wa aliyepona unahitaji hekima. Ni haki amshukuru Mungu kwa uhai wake. Lakini akisema aliokoka kwa sababu yeye alikuwa amefunga na kuomba, jirani yake aliyefiwa ataelewa nini? Kwamba watoto wake hawakuombewa vya kutosha? Tushukuru kwa namna ambayo aliyefiwa anaweza pia kuitikia Amina.

Kulia pamoja na wanaolia

Katika Warumi 12:15 Paulo anatuagiza tulie pamoja na wanaolia. Kwetu, kulia kuna utaratibu wake: tunakaa kwenye matanga, tunaimba, tunazika. Lakini jamaa nyingi za Kalehe hazikupata mwili wa kuzika, na wengi walizikwa pamoja katika makaburi ya haraka. Msiba wa namna hiyo hauishi. Kanisa linaweza kusaidia: majina ya waliopotea yaandikwe katika daftari la kanisa, yasomwe kwa sauti ibadani kila mwaka tarehe hiyo, na jamaa zao waombewe. Mtu asiye na kaburi, angalau jina lake litajulikana katika nyumba ya Bwana.

Kuomba na kulinda

Kuna somo lingine ambalo hatulihubiri mara nyingi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza kwamba mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari lake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakusema waombe tu ili asianguke mtu. Aliwapa kazi ya mikono. Tena Shetani alipomwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, kwa kuwa malaika watamshika, Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Kujenga tena katika njia ya mto na kusema Mungu atalinda ni karibu sana na jaribu lile.

Mvua inatoka kwa Mungu, lakini njia ya maji tunaijua. Milima ya Kalehe ina miteremko mikali. Miti ikikatwa, udongo haushikwi. Watu wengi wamejenga chini, karibu na mito na ziwa, wengine kwa sababu vita iliwafukuza juu. Hao tusiwalaumu, maana hawakuchagua. Wataalamu wa hali ya hewa waliochunguza msiba huo walishindwa kusema kwa uhakika kama mabadiliko ya tabianchi yaliongeza mvua ile, kwa sababu vipimo vya mvua katika eneo letu ni vichache mno.

Sisi wa Shabunda tusiseme hayo ni ya Kalehe. Tuna mto Ulindi, tuna machimbo ya dhahabu ambamo udongo uliolowa huwafunika vijana wetu, na barabara ya kwenda Bukavu ni mbaya kiasi kwamba msaada unaweza kuchelewa sana. Kwa hiyo maandalizi yaanze kwetu.

Katika Matendo 11:27-30, Agabo alitangaza njaa kabla haijafika. Wanafunzi wa Antiokia hawakungoja. Kila mmoja alitoa kadiri ya uwezo wake, wakatuma msaada Yudea kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Walisikia onyo, walikusanya, walituma kwa watu waaminifu. Na sisi tunaweza kufuata njia hiyo:

- Kengele ya kanisa, au ile rimu ya gari tunayoigonga kuita watu ibadani, ipigwe kwa namna maalumu maji yanapopanda usiku. Inasikika hata mahali ambapo simu haina mtandao.
- Mashemasi wajue ni nyumba gani zina wazee, wagonjwa na watoto wengi, na nani atawabeba.
- Sadaka ya maafa iwekwe kando kila mwezi, hata kama ni kidogo, na hesabu yake isomwe mbele ya washirika wote.
- Vijana na wamama wapande miti kwenye miteremko iliyo wazi.

Eliya alipokuwa mlimani, ulipita upepo mkali, kisha tetemeko la nchi, kisha moto, na Bwana hakuwa ndani yake. Alisikika baadaye, katika sauti ndogo ya utulivu, na sauti hiyo ilimpa Eliya kazi ya kwenda kufanya. Tukimtafuta Mungu baada ya matope kutulia, tutamsikia kwa namna hiyo: akituuliza ndugu yetu yuko wapi, na nani anamlinda.

Mungu awafariji waliofiwa, na aitie nguvu mikono yetu. Amina.