Vijaluba vya Karatasi Kutoka Vijiji vya Urusi

Kwa macho tu, mtu angeapa kwamba kijaluba cha kale cha Kirusi ni mpingo uliosuguliwa. Akikishika, wepesi wake unamsuta. Ni karatasi.

Ufundi huo una chimbuko lake Danilkovo, kijiji cha karibu na Moscow ambacho leo ni sehemu ya Fedoskino. Mwaka 1795 mfanyabiashara Pyotr Korobov alianzisha kiwanda hapo, akitumia ujuzi alioupata Braunschweig, Ujerumani. Ugoro ulikuwa umeshika chati Ulaya, na kila mnusaji alitaka kijaluba cha kuringia. Mkwe wa Korobov, Pyotr Lukutin, ndiye aliyekipa kiwanda jina. Mwaka 1828 aliruhusiwa kupiga chapa ya tai wa kifalme mwenye vichwa viwili kwenye bidhaa zake.

Kazi yenyewe inataka subira ya ajabu. Tabaka za karatasi ngumu hugandishwa kwa gundi juu ya kalibu, hushindiliwa, hukaushwa, kisha huloweshwa katika mafuta ya kitani na kuokwa polepole. Kinachotoka hukatwa kwa msumeno na kupigwa randa kama ubao. Hupakwa mchanganyiko wa masizi na udongo, halafu vanishi, nyeusi nje na mara nyingi nyekundu ndani. Hapo ndipo mchoraji anapoanza.

Mafundi wa Fedoskino hutumia rangi za mafuta, tabaka juu ya tabaka, na kila moja hufunikwa kwa vanishi. Pengine hubandika kwanza kipande cha ganda la chaza au karatasi ya dhahabu, kisha hupaka juu yake rangi inayopitisha mwanga. Ndiyo maana theluji au anga la machweo huonekana kung'aa kutoka ndani. Hakuna ujanja mwingine katika sanaa hii unaoushinda huo kwa uzuri.

Palekh, kijiji kingine cha Urusi, ina historia nyingine, tena yenye machungu. Kwa vizazi vingi wanakijiji walichora picha takatifu za Kanisa la Orthodoksi. Baada ya mapinduzi ya 1917, soko hilo likafa. Ivan Golikov na wenzake wakahamishia mkono wao kwenye vijaluba vyeusi, na Desemba 1924 wakaunda ushirika. Rangi ilibaki ileile ya kanisani, iliyokorogwa kwa kiini cha yai; dhahabu ikaendelea kung'arishwa kwa jino la mnyama, hasa mbwa mwitu. Watakatifu wakawapisha wawindaji, ndege wa moto wa ngano, na farasi watatu wanaokokota gari la theluji. Mwaka uliofuata kazi zao zilituzwa kwenye maonyesho ya Paris. Mstyora na Kholuy, vijiji vingine vya wachoraji wa picha takatifu, vilifuata njia hiyo katika miaka ya 1930.

Mnunuzi wa leo ana sababu ya kubeba kioo cha kukuzia. Vipo vya kughushi vyenye picha ya kuchapwa iliyofunikwa vanishi, na nukta za mtambo huonekana humo. Kijaluba cha Lukutin hutafutiwa tai ndani ya kifuniko. Cha Palekh, maandishi membamba ya dhahabu chini ya picha, yakitaja kijiji na mchoraji.